Posho ya Katanga: kampuni ilipokuwa baba na mama

Neno posho ni dogo, lakini limesafiri mbali. Mtanzania akilisikia hufikiria fedha ambazo mtumishi hupewa juu ya mshahara wake: posho ya safari, posho ya kikao. Nchini Kenya kinu cha kusagia mahindi mtaani huitwa kwa jina hilo. Nchini Uganda posho ni chakula chenyewe, yaani ugali. Na huko Katanga, wazee waliozaliwa katika kambi za migodi hulikumbuka kama unga, samaki, mafuta na chumvi ambavyo familia iligawiwa na kampuni kwa kadiri ya idadi ya watoto wake. Maana hizi zote zina mzizi mmoja. Hapo zamani posho ilikuwa chakula alichopewa mpagazi wa msafara ili apate nguvu ya kuubeba mzigo hadi kesho yake. Ilikuwa ni sehemu ya ujira, ila haikuwa fedha, na aliyeipokea hakuwa na uhuru wa kuamua aitumie vipi.

Siku hizi tunakutana na maneno marefu zaidi: uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Benki imetoa madawati, kampuni ya simu imechimba kisima, mgodi umejenga zahanati, na picha ya uzinduzi imewekwa gazetini. Wanafunzi wengi hudhani kwamba jambo hili limeletwa juzi na wataalamu wa biashara. Sivyo. Katika eneo letu lina umri wa karibu miaka mia moja, na hakuna mahali lilipofika mbali kama Katanga, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Historia ya huko inafaa kusomwa kwa makini, kwa kuwa inauliza swali ambalo picha za uzinduzi haziulizi: kampuni inapoipa jamii kitu, je, inafanya hisani au inalipa deni?

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906, wakati Kongo ingali mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru la kwanza likaanza kuyeyusha shaba. Madini yalikuwa mengi, watu walikuwa wachache. Kampuni ililazimika kutafuta vibarua mbali: Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, kisha Angola, Kasai, na katika miaka ya 1920 hata Ruanda-Urundi. Walikuja wanaume peke yao, kwa mikataba ya miezi michache. Walilala kwa kusongamana, walikula vibaya, na homa ya mapafu pamoja na magonjwa ya matumbo yaliwaua kwa wingi. Wengi waliobaki hai walitoroka, na waliomaliza mkataba walirudi kwao na ujuzi wote walioupata, kisha kazi ya kutafuta na kufundisha watu wapya ikaanza upya.

Mnamo mwaka 1928 kampuni ilibadili mwelekeo. Badala ya kumchukua mwanamume kwa miezi sita, ilimpa mkataba wa miaka mitatu na kumruhusu, hata kumhimiza, aje na mke wake. Kijana asiyekuwa na mke alikopeshwa mahari. Vibanda vya mabati na majani vilipisha nyumba za matofali zilizopangwa kwa safu. Mke alipata fungu lake la posho, na kila mtoto alipozaliwa fungu liliongezeka. Mama mjamzito alihudumiwa kliniki, mtoto mchanga alipimwa uzito na kupewa maziwa, na vifo vya watoto, ambavyo vilikuwa vya kutisha, vilipungua sana. Shule za kambini ziliendeshwa na wamisionari wa Kikatoliki kwa gharama ya kampuni. Wasichana na wake walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba. Kiswahili kikawa lugha ya kazi, ya shule na ya mtaa. Watoto wa baba kutoka Kasai na mama kutoka Rhodesia wakakifanya lugha yao ya kwanza.

Msimamizi mkuu wa mpango huu alikuwa daktari, Léopold Mottoulle, ambaye mwaka 1946 alichapisha kitabu kuhusu siasa ya kijamii ya kampuni yake. Hakuficha fikra zake. Kwake yeye Mwafrika alikuwa mtu wa kulelewa kama mtoto, na mwajiri ni mzazi anayejua lililo jema kwa mwanawe kuliko mwana mwenyewe. Basi malezi yale yalikuwa na fimbo. Kila kambi ilikuwa na mkuu wake Mzungu na askari wake. Nani alale wapi, mgeni akae siku ngapi, mke alipigana na nani kisimani: mambo haya yote yaliandikwa. Nyumba ilikwenda pamoja na kazi. Aliyefukuzwa kazi alifukuzwa pia nyumbani, na watoto wake wakatoka shule. Chama cha wafanyakazi kilikuwa marufuku kwa Waafrika.

Lazima tuwe waadilifu katika kuhukumu. Ni rahisi kusema kwamba mambo haya yote yalikuwa hila tu. Mtoto aliyepona kwa sababu ya kliniki ya kampuni alipona kweli, na kijana aliyejifunza useremala au uhunzi wa mitambo alijifunza kweli. Hata hivyo tusisahau hesabu iliyokuwa chini ya wema huo. Kumsafirisha kibarua kutoka mbali kulikuwa ghali, kumfundisha kulikuwa ghali, na maiti haichimbi shaba. Zaidi ya hapo, mtoto aliyelelewa kambini angekuwa mfanyakazi wa kesho, tayari amezoea king'ora, saa na lugha ya kazi. Kampuni ilikuwa inazalisha shaba, na pembeni ilikuwa inazalisha wafanyakazi wake yenyewe. Kuwasaidia watu kulikuwa na faida, na kampuni ilisaidia kwa kadiri ya faida hiyo.

Jambo hili lilidhihirika upesi. Mdororo wa uchumi wa dunia ulipoanza, bei ya shaba ikaanguka, na kati ya mwaka 1930 na 1932 kampuni ilipunguza wafanyakazi wake wa Kiafrika kwa zaidi ya nusu. Waliopunguzwa walirudishwa vijijini walikotoka. Baba aliyejigamba kuwa mlezi aliwatoa wanawe nje mlango ulipoanza kuvuma upepo.

Kisha ukaja mwaka 1941. Ubelgiji ilikuwa imetekwa na Ujerumani, shaba ya Katanga ilihitajika na majeshi ya Washirika, uzalishaji uliharakishwa, na bei za bidhaa zilikuwa zinapanda. Mwanzoni mwa Desemba wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Inafaa kutua hapa. Watu hawa walikuwa na nyumba, unga, hospitali na shule. Kwa vipimo vya ukoloni walikuwa miongoni mwa vibarua waliotunzwa vizuri kuliko wote barani. Walichodai ni mshahara zaidi. Yaani walidai kile ambacho mtu anaweza kukishika mkononi, kukipeleka sokoni na kukitumia apendavyo yeye. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, na wakuu wa serikali ya kikoloni walifika kuzungumza nao. Msemaji wao, karani aliyeitwa Léonard Mpoyi, alikataa kuwaambia wenzake warudi kazini kwa ahadi tupu. Aliuawa pale pale, na askari wakaufyatulia risasi umati. Wafanyakazi waliokufa walihesabiwa kwa makumi.

Baada ya mauaji hayo mishahara ilipandishwa, na mwaka 1946 Waafrika wakaruhusiwa kuunda vyama vya wafanyakazi, ingawa kwa masharti mengi. Huduma za kambini nazo ziliongezwa. Katika miaka ya 1950 kambi za Union Minière zilikuwa zikioneshwa kwa wageni kutoka Ulaya kama fahari ya ukoloni wa Kibelgiji. Ndipo uliposhika mizizi usemi uliorudiwa na vizazi viwili vya Katanga: kazi njo baba, kazi njo mama. Mwanafunzi asishangae neno njo. Ndivyo Kiswahili cha Lubumbashi kinavyosema mahali ambapo Kiswahili sanifu kinasema ndiyo. Neno kazi katika usemi huu lilimaanisha ajira, na kwa hiyo lilimaanisha pia kampuni yenyewe. Aliyekuwa na kazi alikuwa na wazazi. Asiyekuwa nayo alikuwa yatima, hata kama wazazi wake waliomzaa walikuwa hai.

Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960, na siku kumi na moja baadaye Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Union Minière ililipa kodi zake kwa serikali ya Tshombe badala ya serikali ya Léopoldville, na bila fedha hizo utengano huo usingeweza kudumu hadi Januari 1963. Kampuni inayolisha, inayotibu na inayofundisha jimbo zima haiwezi kubaki mgeni katika siasa za jimbo hilo, na ile ya Katanga haikubaki hivyo. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu ilitaifisha mali zake. Kampuni mpya ya serikali, baada ya kubadilishwa jina, ikajulikana kama Gécamines.

Mwenyewe alibadilika, lakini desturi ya nyumbani haikubadilika. Gécamines ilirithi nyumba, hospitali, shule, maduka na hata mfumo wa kugawa unga. Katika miaka ya 1980 iliajiri watu zaidi ya elfu thelathini, na ukihesabu wake, watoto na jamaa walioishi nao, utaona kwamba miji mizima, kama vile Likasi, Kolwezi na Kipushi, ilipumua kwa mapafu ya kampuni moja. Ililima mahindi ili kuwalisha watu wake. Mwaka 1986 ilizalisha tani zipatazo 476,000 za shaba.

Ndani ya nguzo hiyo mchwa walikuwa wameingia zamani. Bei ya shaba ilikuwa imeshuka tangu katikati ya miaka ya 1970. Reli ya Benguela, njia fupi ya kufika Bahari ya Atlantiki, ilifungwa mwaka 1975 kwa sababu ya vita vya Angola, na vita vya Shaba vya mwaka 1977 na 1978 vilifika hadi mitaa ya Kolwezi. Lakini ugonjwa mkubwa ulikuwa nyumbani. Utawala wa Kinshasa uliichukulia kampuni kama ng'ombe wa kukamuliwa bila kulishwa: fedha za kigeni zilizotokana na mauzo zilichukuliwa, mitambo ikachakaa bila kubadilishwa. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka. Mwaka uliofuata askari waasi na raia walipora miji. Kisha siasa za chuki za mwaka 1992 na 1993 ziliwafukuza Katanga maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wakiwemo mafundi ambao baba zao walikuwa wameletwa na kampuni yenyewe. Kufikia katikati ya muongo huo uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000 kwa mwaka.

Nini hutokea kwa watoto baba anapofilisika? Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliliweka swali hilo katika jina la kitabu chake, anapowazungumzia bana Shaba waliotelekezwa na baba yao. (Bana ni wana, na Shaba lilikuwa jina la jimbo la Katanga kuanzia mwaka 1971 hadi 1997.) Mishahara ilikoma kwa miezi, kisha kwa miaka. Posho ilikoma. Hospitali zilikosa dawa na shule zilidai karo. Wake ambao kampuni iliwafundisha kukaa nyumbani na kushona vitambaa vya meza walitoka kulima, kuuza mkaa na kuchuuza unga kwa vibakuli, na mara nyingi wao ndio walioiokoa familia. Baba aliyekuwa akiheshimiwa kwa sababu ya kadi yake ya kazi aliketi uani. Vijana walichukua sululu wakaingia katika mashimo ya kampuni kuchimba wenyewe kwa mikono.

Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa malipo ya mkupuo mmoja. Mpango huo uliitwa kuondoka kwa hiari. Wengi wa walioondoka walidai miaka mingi baadaye kwamba hiari hiyo haikuwa yao na kwamba malipo hayakulingana na haki zao. Katika madai yao kuna jambo linalostahili kuzingatiwa: hawakudai tu mishahara isiyolipwa, walidai pia matibabu na masomo ya watoto. Kampuni ilikuwa imeyahesabu mambo hayo kama msaada unaoweza kukoma. Wao waliyahesabu kama sehemu ya ujira, na ukikumbuka asili ya neno posho utaona kwamba hesabu yao haikuwa ya kipumbavu.

Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa makampuni binafsi kutoka Marekani, Uswisi, China na kwingineko, na shaba ya Katanga ikaanza tena kutoka kwa wingi. Leo malori yanayoivusha mpaka wa Kasumbalesa na kuendelea kupitia Zambia na Tunduma hadi bandari ya Dar es Salaam yanajulikana na kila dereva wa njia hiyo. Makampuni haya hayakutaka kuwa baba wala mama wa mtu. Yanaajiri watu wachache zaidi kwa kila tani, yanalipa mshahara kwa fedha, na kazi nyingi huzikabidhi kwa wakandarasi.

Hapa neno jamii lilibadilika maana bila kelele. Kwa Union Minière na Gécamines, jamii iliyosaidiwa ilikuwa wafanyakazi na familia zao. Kijiji kilichokuwa nje ya uzio wa kambi hakikuhesabiwa. Kwa makampuni mapya, jamii ni vijiji hivyo hasa: wakulima ambao mashamba yao yamekuwa shimo, wavuvi wa mto uliobadilika rangi, watu waliohamishwa. Wao si waajiriwa. Wanachokijua kuhusu mgodi ni vumbi, baruti na malori. Kwa hiyo kisima kinachochimbwa na mgodi katika kijiji kilichopoteza chemchemi yake ni kitu gani? Mwenye kalamu ya kampuni ataandika msaada. Mwenye ndoo huenda akatumia neno fidia. Mimi nipo upande wa mwenye ndoo, ingawa nakiri kwamba visima vingine huchimbwa mahali ambapo mgodi haukuharibu chochote, na hapo neno msaada ni halali.

Kwa miaka mingi kiasi cha kutoa kiliachwa kwa utashi wa kampuni au kwa makubaliano yake na serikali. Mgodi wa Tenke Fungurume, kwa mfano, ulianzisha mfuko wa jamii unaotengewa asilimia 0.3 ya mapato halisi ya mauzo ya madini yake. Mnamo tarehe 9 Machi 2018 Kongo ilirekebisha sheria yake ya madini, na mambo mawili yaliyokuwa hiari yakawa lazima. La kwanza, kila kampuni inayochimba hutakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Inahesabiwa juu ya mauzo, si faida. Kampuni haiwezi kusema kwamba mwaka huu haikupata faida na hivyo haina cha kutoa. Ikiuza madini ya dola bilioni moja, fungu la jamii ni dola milioni tatu. La pili, kampuni hutakiwa kukaa na jamii hizo na kutia saini hati ya wajibu inayotaja wazi ni shule ipi, barabara ipi, zahanati ipi, na lini.

Zaidi ya hayo, mrabaha unaolipwa kwa dola umegawanywa katika mafungu: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mtaa ambako mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mwanafunzi wa uraia asichanganye mambo haya. Mrabaha ni fedha za umma, na wa kuulizwa kuhusu matumizi yake ni viongozi wa umma. Ile asilimia 0.3 haipiti katika mikono ya serikali. Husimamiwa na chombo maalumu chenye wajumbe wa kampuni na wajumbe wa jamii zenyewe, na hao ndio wa kuulizwa kuihusu.

Sheria kuandikwa si sheria kutekelezwa. Kijiji kinahitaji mtu anayeweza kusoma hesabu za mauzo ya kampuni, na kinahitaji kumpeleka katika kikao mjumbe ambaye hakuchaguliwa na kampuni wala na chifu peke yake. Kuna pia kikwazo cha lugha: sheria na hati huandikwa kwa Kifaransa, wakati mama aliyepoteza shamba lake karibu na Fungurume au Kolwezi huzungumza Kiswahili. Hati hiyo ikisomwa kwa sauti mbele ya wanakijiji, mfasiri atalazimika kuchagua neno la kuliita fungu la asilimia 0.3. Akisema zawadi, watu watapiga makofi na kwenda zao. Akisema haki yenu, kuna atakayenyanyua mkono na kuuliza mauzo ya mwaka jana yalikuwa kiasi gani.